Ngoma Niliyoibatiza

Harufu ya ngozi ya kenge ikipashwa kwenye moto wa nyasi huwezi kumweleza mtu ambaye hajakulia kwetu akaelewa. Si nyama, si kiatu kilichoungua, ingawa vyote viwili vimo ndani yake. Juzi niliinusa nyuma ya kanisa letu pale Khayega, siku tuliyomzika mama, nikaegemea ukuta hadi shangazi mmoja akanishika kiuno akidhani ni kilio. Kilio kilikuwepo, sikatai. Lakini kilichonivamia pale hasa kilikuwa woga, na ulikuwa woga wa mtoto wa miaka tisa.

Mama alikuwa fundi wa kushona sokoni na alikuwa mwimbaji. Ungemuuliza yeye, angeanza na uimbaji. Nyimbo zake alizitunga kwenye cherehani: mguu unakanyaga, pini zimebanwa midomoni, wimbo unatokea puani. Kitambaa kikiisha kabla ya wimbo kuisha, aliendelea kukanyaga tu, sindano inapanda na kushuka bila kitu chini yake, na wateja wamekaa kwenye benchi wakingoja sare za watoto wao. Walilalamika kila wiki na kila wiki walirudi. Baba alikuwa Mumias akiendesha trekta la miwa, na tulimwona mwisho wa mwezi, kwa hiyo nyumbani tulikuwa sisi wawili na huo mlio wa cherehani.

Jumapili yeye ndiye aliyeongoza kwaya. Sauti yake haikuwa tamu, msije mkadhani nasema alikuwa kinanda. Ilikuwa nzito, inakwaruza kidogo chini, na ilikuwa pana. Akianza, hata wale kina mama wa viti vya nyuma waliokuwa wakinong'ona habari za majirani walinyamaza. Alisema mara nyingi kwamba yeye hajui kuhubiri, na kwamba Mungu alipomgawia kazi alimpa ile ya kuwafungua watu mioyo ili mhubiri akija akute mahali pa kupanda. Aliichukua kazi hiyo kwa uzito. Hakuimba Jumapili kama Jumamosi alikuwa amegombana na mtu hajapatana naye. Nilimwona akitoka mbio jioni, na kanga mabegani, kwenda kuomba msamaha kwa muuza samaki.

Halafu ukaja ule wimbo. Ulikuwa wa mtu aliyepotea miaka mingi, akarudi nyumbani usiku akiogopa kubisha, akakuta mlango haukufungwa. Kiitikio chake kilikuwa hicho tu: mlango haukufungwa, Baba alijua nitarudi. Mama aliuimba wiki mbili kwenye cherehani na kila mara akatikisa kichwa. Kuna kitu kilipungua. Siku moja aliacha kushona katikati ya mkono wa blauzi, akaenda kwa kaka yake, mjomba wangu Ambani, akamwambia alete isukuti.

Wenzangu wa rika langu mtakumbuka isukuti ilikuwa ya nani wakati ule. Ilikuwa ngoma ya matanga na ngoma ya mafahali. Fahali wa Shinyalu hakwenda uwanjani kupigana bila isukuti mbele yake, na mzee wa maana hakuzikwa bila hiyo. Mjomba Ambani alikuwa akiipiga ile kubwa ya ngozi ya kenge, anaining'iniza begani kwa mkanda na kuibana kwapani, na kila mahali alikoipiga palikuwa na pombe ya busaa. Kanisani tulikuwa na kinanda kimoja cha umeme chenye vitufe vitatu visivyolia. Lakini mjomba alipoipiga ile ngoma uani kwetu na mama akaingia na kiitikio, mimi mwenyewe nilisisimka, nikaacha maharagwe niliyokuwa nikichambua yakamwagika, na mama hakunigombeza. Alikuwa analia huku anaimba.

Kijana mmoja wa boda boda aliurekodi kwa simu akiwa nje ya ua. Sijui tumlaumu au tumshukuru. Kabla ya wiki mbili wimbo ulikuwa stejini, ulikuwa kinyozini, na Jumamosi moja ulikuwa kwenye uwanja wa mafahali, vijana walioshiba busaa wakirukaruka mbele ya fahali huku wakiimba kwamba Baba alijua watarudi. Na nani akawa anapita hapo akitoka sokoni? Mzee Shivachi, mwenyekiti wa wazee wa kanisa.

Mzee Shivachi alikuwa mwalimu mstaafu na sijawahi kumsikia akipaza sauti. Hilo ndilo lililotutia hofu. Mwaka huohuo watoto wawili wa jirani yetu walikuwa wamecheza Meza ya Bwana nyuma ya choo kwa biskuti na chai ya rangi. Mzee aliwasimamisha mbele ya kanisa zima, akawauliza kwa upole kabisa ni nani aliyewatawaza kuwa wachungaji, na mama yao akawekwa benchi la nyuma tangu mahindi yapandwe hadi yavunwe. Benchi la nyuma kwetu lilikuwa karibu na mlango. Aliyewekwa pale hakushiriki Meza, hakushika kazi yoyote, na nyimbo zikiimbwa alifunga mdomo. Yule mama alikonda. Watoto wake hawakucheza tena na sisi.

Wazee walikuja kwetu Alhamisi jioni, watatu pamoja na pasta wetu kijana. Mama aliwaandalia chai na viazi vitamu. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la chumbani, nasikia kila neno.

Mzee Shivachi alikunywa chai yake ikaisha kwanza. "Mama, na sauti yako hatuna shida," alisema. "Sauti ni ya Mungu. Lakini hiyo ngoma tunajua mahali inalalanga."

Akaendelea kueleza, polepole, kwamba ngoma ile imekesha kwenye matanga yote ya Isukha, imekunywa pombe zote, imeshika damu ya mafahali, na kwamba mtu wa namna hiyo hasimamishwi mbele ya kanisa. Alisema mtu. Mama alijibu kwamba kuni za kuchemshia uji na kuni za kupikia busaa zinatoka kwenye mti mmoja. Mzee hakucheka. Pasta ndiye aliyeokoa mambo, akapendekeza mama auimbe wimbo wake Jumapili na ngoma yake mbele ya watu wote, na wazee waamue hapo hapo. Ukikubaliwa, umekubaliwa. Ukikataliwa, mama ataacha wimbo, ataacha kwaya, na atakaa nyuma mpaka wazee watakapoona vyema. Mama akasema sawa. Mzee akaongeza jambo moja akiwa ameshasimama: ule moto wa kupashia ngoma ili ngozi ikaze hautawashwa kwenye uwanja wa kanisa, hataki moshi wa mambo ya duniani pale. Mama akasema sawa tena. Walipoondoka hakuosha vikombe. Alikaa kwenye cherehani bila kukanyaga, na hapo nikajua kwamba Jumapili mama anaweza kunyang'anywa kitu ambacho bila hicho sikuwa namjua ni nani.

Sasa nisikilizeni, msicheke kabla ya wakati. Mimi sikuona ugumu wowote katika shida hii. Kulikuwa na mtu pale Khayega anaitwa Petro wa baiskeli, fundi wa pancha. Petro alikesha kwenye matanga yote. Petro alikunywa pombe zote, aliimba njiani matusi ambayo siwezi kuyaandika. Mwezi wa nane wanaume wawili walimwingiza mtoni amevaa shuka jeupe, pasta akamzamisha, na Jumapili mbili baadaye Petro alikuwa anapitisha kapu la sadaka na Mzee Shivachi mwenyewe anamsalimia kwa mikono miwili. Nami mama alikuwa ameniambia, nilipomlilia nijiunge na kwaya, kwamba hakuna anayesimama mbele kabla hajabatizwa. Basi. Nilishangaa tu kwamba watu wazima wanne walikunywa chai nyumba nzima ikanuka tangawizi na hakuna aliyekumbuka.

Mjomba alikuwa ameiacha ngoma kwetu, chini ya kitanda ndani ya gunia, ili isiombwe kwenye matanga ikarudi imechoka. Jumamosi mchana mama alikuwa sokoni. Nilivaa shimizi langu jeupe, nikaitwika ngoma kichwani, nikashuka nayo hadi mtoni, mahali pale pale walipozuia maji kwa magunia ya mchanga kwa ajili ya ubatizo. Hapakuwa na mtu. Maji yalikuwa baridi na yalinifika kifuani. Ngoma ikagoma kuzama. Naisukuma upande huu inaibukia upande mwingine, na mimi nikakumbuka hata Petro alikataa, alishikwa na wanaume wawili. Nikailalia kwa kifua. Nikatamka yote bila kuruka neno, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, ikatoa mapovu, ikashuka, nikahesabu hadi kumi ili isije ikasemwa haikuzama sawasawa. Ilipotoka niliiimbia, maana mtu akitoka majini kanisa humwimbia kutoka ukingoni, na wimbo nilioujua vizuri ni ule wa mama. Niliifuta kwa shimizi, nikairudisha guniani, nikaisukuma chini ya kitanda. Nililala usingizi mzuri kuliko usingizi wote wa maisha yangu.

Jumapili kanisa lilijaa hadi madirishani. Mjomba alichelewa, alikuwa ametoka matanga ya mbali na boda boda yake ilipata pancha, akafika kwetu mbio, akabeba gunia kama lilivyo, akaingia kanisani jasho likimtoka. Kwa kawaida angeipasha kwanza. Lakini uwanjani moto ulikuwa umekatazwa, na pasta alikuwa ameshamwita mama.

Mama alisimama na joho la buluu alilolishona mwenyewe. Alianza peke yake, bila kitu, ubeti wa kwanza wote. Mzee Shivachi alikuwa kwenye kiti cha mbele na mikono juu ya magoti. Mimi nilikuwa kwenye mkeka wa Sande skuli na nilikuwa nimejishika mdomo kwa furaha. Mama akakaribia kiitikio, akampa mjomba jicho, mjomba akainua mkono, akapiga.

Ilitoa mlio wa kofi kwenye unga uliolowa.

Akapiga tena. Pwa. Ngozi ilikuwa imelegea kama chandarua. Na mimi, Mungu anisamehe, wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba imeokoka kweli, kwa sababu hata Petro baada ya ubatizo aliacha kuimba njiani. Halafu nikauona uso wa mjomba. Nilikuwa nimemsikia maisha yangu yote akiihofia mvua, akiifunika ngoma kwa koti lake mwenyewe, na sikuwahi kuunganisha hayo mawili hadi dakika hiyo.

Mama aliacha kuimba. Kanisa lilianza kunong'ona. Mzee Shivachi akasimama, akavua miwani.

"Mungu amejibu," alisema. "Hata mimi sikutegemea ajibu haraka hivi."

Watu wakasema amina. Si wote, lakini wa kutosha. Mama akaichukua ngoma mikononi mwa mjomba, akapitisha kiganja kwenye ngozi, akainusa. Matope ya mto wetu yana harufu yake. Akainua macho, akayapitisha mkeka mzima wa watoto, akanifikia mimi. Akatikisa kichwa, kidogo sana, mara moja. Mjomba alifungua mdomo akitaka kusema, mama akamkanyaga mguu. Kisha akavua joho, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kinanda, na akatembea katikati ya kanisa hadi benchi la nyuma.

Kule kutikisa kichwa nilikuelewa hivi: wewe si mtoto wangu tena.

Jumapili tano nilikaa na tafsiri hiyo. Nyumbani mama alinipikia, alinisuka, alinikagulia vitabu vya shule, na hakusema neno lolote kuhusu ngoma. Ningefurahi angenichapa. Cherehani ililia na juu yake hapakuwa na wimbo, na nyumba ile ilinitisha. Usiku nilihesabu ni miezi mingapi mahindi yanakaa shambani. Kanisani kwaya iliimba ikapotea njia kila mahali, na kule nyuma mama alikaa na mdomo umefungwa, anatazama mlango. Alianza kukonda. Na sokoni watu walimwambia usoni mwake kwamba Mungu alimnyamazisha, naye anajibu ndiyo, na kuendelea kupima kiuno cha mtu.

Hilo ndilo lililonishinda. Mungu hakuwa amefanya kitu. Ni mimi.

Kwetu kabla ya mahubiri palikuwa na muda wa ushuhuda, na yeyote angeweza kusimama. Jumapili nne nilijaribu na miguu ikakataa. Ya tano ilikubali. Nilisema Bwana asifiwe kama watu wazima wanavyosema, wakaitikia wakicheka kidogo, wakidhani nimepona malaria.

"Ngoma haikunyamazishwa na Mungu," nilisema. "Niliibatiza mimi. Jumamosi, pale mtoni. Nilitaka ikubaliwe."

Kicheko kilianzia kwa vijana na kikafia njiani, kwa sababu Mzee Shivachi alikuwa amegeuka. Akaniita mbele. Ule mwendo kutoka mkekani hadi mbele nimeutembea mara nyingi ndotoni na haujawahi kufupika. Nyuma nilisikia benchi likilia, mama amesimama. Nilijua nimemmaliza kabisa sasa, kwamba badala ya wimbo tu sasa atahukumiwa kwa mtoto aliyechezea ubatizo, na nikakumbuka yule jirani alivyokonda.

Mzee aliinama hadi uso wake ukawa karibu na wangu. Alinuka sabuni na tumbaku ya zamani. Aliniuliza nilisema nini nilipoizamisha, nikamwambia, na sikuruka neno. Aliniuliza kama ilizama yote. Nikamwambia ilikataa, nikailalia. Aliniuliza ilipotoka nilifanya nini.

"Niliiimbia."

"Uimbe huo wimbo."

Sikuelewa kama ni adhabu. Nilianza. Sauti yangu ilikuwa nyembamba, inatetemeka, na nilianzia juu mno kama watoto wanavyofanya, nikajua kabisa kiitikio sitakifikia. Nikaimba yule mtu anayekuja usiku, anayeogopa kubisha. Nikafika penyewe, nikavuta pumzi, na pumzi haikutosha.

Na kutoka nyuma, karibu na mlango, ikaja ile sauti. Mlango haukufungwa. Alikuwa amekatazwa, na kanisa lote lilijua amekatazwa. Haikuja kwa nguvu, ilikuja chini ya yangu ikaibeba. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Mjomba Ambani akaanza kupiga benchi kwa viganja, kina mama wakaingia na miguu, na Petro wa baiskeli, na kapu lake mkononi, alikuwa analia bila aibu. Mzee Shivachi alibaki amesimama pale mbele yangu, hakuimba, hakuzuia, miwani mkononi, hadi ubeti wa mwisho ukaisha na watu wakatulia.

Akairudisha miwani usoni. "Jumapili ijayo hiyo ngoma ije," aliwaambia wazee wenzake. "Na ipashwe moto hapa hapa nje. Moshi nitavumilia."

Miaka mingi baadaye, nikiwa na watoto wangu, nilimuuliza mama kwa nini siku ile alinitikisia kichwa kunikana. Aliniangalia kama mtu aliyeambiwa jua linatokea Mumias, magharibi kwetu. Alisema alikuwa ananikataza nisisimame. Alijua nitasimama, na alijua Mzee angenifanya nini, na akaona benchi la nyuma ni la mtu mzima. Kisha akaniambia nimletee uzi mweupe.

Ngoma ilikauka, lakini haikurudi ilivyokuwa. Ina mkwaruzo tangu siku ile. Mjomba aliwahi kutaka kubadilisha ngozi na mama akamkataza, akasema sasa ndiyo inalingana na sauti yake.

Hiyo ndiyo waliyokuwa wakiipasha juzi nyuma ya kanisa. Mjomba Ambani ni mzee sasa, mkanda ulimshinda, mwanawe akamshikia. Waliniomba niimbe mimi. Nikaimba ubeti wa kwanza peke yangu, kando ya jeneza, na nikaanzia juu mno, vilevile, sijui kwa nini. Nilipokaribia kiitikio niliona pumzi haitanitosha. Nikageuka nikatazama benchi la nyuma. Palikuwa na watu wamekaa, wageni tu kutoka Matungu ambao siwajui, na mlango ulikuwa wazi.

Nikanyamaza. Mjomba akainua mkono, akapiga, na ngoma ikaingia na ule mkwaruzo wake.